Seva ya Jumapili Saa Tisa

Jumapili saa tisa alasiri hakuna mtu anayenituma kitu. Nyumbani kwetu Kamuli wanajua hivyo, majirani wanajua, na hata mchungaji wetu, ambaye hunikumbuka kila kipaza sauti kinapokoroma, amejifunza kungoja Jumatatu. Saa hiyo ninawasha kompyuta ya mezani iliyoko pembeni mwa sebule, ninafungua seva, na ninamngoja kaka yangu aingie.

Seva ni neno kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni kompyuta kuukuu niliyoifufua kwa vipuri vya mashine tatu zilizokufa, na kazi yake ni kutunza ulimwengu wa gemu moja la kujenga kwa matofali, ili watu walio mbali waingie humo kila mmoja kwa kompyuta yake, waonane na wafanye kazi pamoja. Mimi ni fundi pale Nkwenda senta. Natengeneza laptopu, printa, simu na redio, na wanunuzi wa mazao huniletea mizani zao za umeme zikianza kudanganya. Sisemi kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu kidogo: kitu kikinishinda mimi, mwenye nacho akatafute kingine.

Kaka yangu anaishi Dodoma. Kwenye gemu tumejenga kwetu: nyumba ya bati, jiko la nje, njia ya kwenda kisimani, kibanja cha migomba nyuma ya jiko. Migomba haimo kwenye gemu hilo, kwa hiyo tumepanda miti mingine na kukubaliana kwamba ni migomba. Anajua kila kona. Lakini kwetu kwenyewe, kwenye udongo, huu ulikuwa mwaka wa tatu hajakanyaga.

Chanzo kilikuwa mnyauko, ule ugonjwa wa migomba. Ulipoingia kibanjani kwetu, kaka alikuwa likizo, na ndiye aliyeuona kwanza, kwenye ile kona ya nyuma ya jiko: majani machanga ya njano, ndizi zinazoiva kabla hazijakomaa, na shina likikatwa linatoa usaha. Akamwambia baba kona yote ing'olewe na kuzikwa. Akamwambia panga lipitishwe motoni kila linapotoka kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine. Akamwambia na lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisiguswe na kisu, kwa sababu wadudu wanaolitembelea ndio wanaobeba ugonjwa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema migomba ile aliipokea kwa baba yake, na haiwezi kung'olewa na mtu aliyejifunza kilimo kwenye simu.

Siku mbili baadaye baba alikwenda msibani Bugomora. Aliporudi alikuta kona nzima ni udongo mtupu, na kaka amesimama katikati yake na jembe, amechafuka mpaka masikioni. Maneno aliyoyasema baba siku ile sitayarudia. Kaka alifunga virago asubuhi yake. Migomba mingine yote ilipona, baba aliliona hilo kwa macho yake, na hakulisema kwa mtu.

Tangu hapo hawakupigiana simu. Mimi nilibaki katikati, na nilichoka, nawaambia ukweli. Kila mmoja alikuwa ananiuliza habari za mwenzake kwa kuzunguka. Kaka angeniuliza kama mvua imenyesha. Baba angeniuliza kama huko Dodoma kuna maji.

Kisha gemu likaanza. Baba alikuwa anapita sebuleni Jumapili moja, akasimama, akauliza yule mwenye shati la kijani anayechimba ni nani. Nikamwambia ni kaka. Akasema "Ee," akatoka. Jumapili iliyofuata alikuja na kigoda na ungo wa maharage, akakaa nyuma yangu achambue. Maharage yale yamechambuliwa kila Jumapili tangu siku hiyo, na mengine nina hakika yamechambuliwa mara mbili. Hasemi kitu. Kaka akipanda juu ya paa, baba hunyanyua kichwa. Kaka akichimba, baba huguna, maana jembe halishikwi vile. Sikumwambia kaka kwamba kuna mtu nyuma yangu. Niliogopa kwamba nikisema, mmoja wao ataanza kuwa na kazi nyingine Jumapili saa tisa. Ilikuwa ndiyo saa pekee katika wiki nzima ambayo watu wale wawili walikuwa mahali pamoja.

Kwa hiyo kaka alipoanza kutolewa, lilikuwa jambo zito.

Ilianza kidogo. Alikuwa anajenga ukuta wa zizi, mara mkono ukasimama hewani, mwili ukaganda, na maandishi yakatokea kwamba ameondoka. Baada ya dakika mbili akarudi, tukacheka. Jumapili ya pili alitolewa mara tano. Ya tatu hakumaliza dakika kumi bila kukatika, na kila alipokatika nilisikia kule nyuma maharage yanaacha kudondoka kwenye ungo.

Sikubabaika. Kutafuta tatizo ni kazi yangu, na nina utaratibu wangu: naanzia ndani natoka nje. Nilichukua simu yangu, nikaingia kwenye gemu kwa waifai ya nyumbani. Niliingia, nikakaa nusu saa, sikutolewa. Kwa hiyo seva ilikuwa hai na haikuwa na homa yoyote. Nikaangalia anwani yetu ya intaneti, kwa sababu ruta ikizimika kampuni hutupa anwani mpya, na mtu mwenye ya zamani anakuwa anabisha hodi kwenye nyumba isiyo yetu. Ilikuwa ile ile. Toleo la gemu la kaka na langu yalifanana. Kwenye ruta kuna namba niliyoifungua iwe mlango wake, mgeni akifika na namba hiyo ruta inamwelekeza moja kwa moja kwenye seva. Mlango ulikuwa wazi. Nikazima kwa muda ulinzi wa kompyuta unaozuia wageni. Nikabadilisha waya kati ya ruta na seva, nikabadilisha hata soketi. Kila kitu nilichokigusa kilikuwa kizima, na kila kilipokuwa kizima nilizidi kukasirika.

Kikabaki kitu kimoja, nacho si changu. Intaneti yetu inatoka kwenye mnara wa kampuni moja ndogo, juu ya kilima upande wa Nkwenda, inavuka bonde mpaka kwenye dishi letu. Nikatuma vijipakiti vya majaribio kwenda mnarani na kuvihesabu vinavyorudi. Katika kila vitano, kimoja kilipotelea njiani, wakati mwingine viwili. Nikasema nimewapata. Nikawapigia.

Dada aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulinikera. Akaangalia kwenye mitambo yao akasema, "Dada, mawimbi yanayofika kwako yameshuka sana. Naomba uangalie kama dishi limesogea."

"Dishi nililifunga mimi mwenyewe," nikamwambia. "Halisogei."

"Sawa dada, lakini ukiangalia tu..."

"Angalieni mnara wenu," nikasema, nikakata simu.

Jumanne kaka alinipigia, na hakuulizia mvua.

"Niambie ukweli," alisema. "Ni mzee anachomoa waya?"

"Waya gani?"

"Kila nikifika kibanjani natolewa. Nikiwa mbali na jiko nakaa, nikikaribia kibanja tu, natolewa. Amekuambia unitoe?"

Hilo la kibanja halikuwa kweli. Daftari nililoandika kila alipokatika linaonyesha alitolewa hata akiwa kisimani. Lakini mtu mwenye donda huona kila kitu kinagusa pale pale.

"Kaka, ni tatizo la mtandao tu."

"Wewe ni fundi. Tatizo la mtandao gani hili linalokushinda wiki tatu? Jumapili hii nikitolewa tena, nalifuta hilo gemu. Msinione mjinga."

Alisema "msinione", wingi. Nilikaa na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze niliogopa kwelikweli. Ningeweza kumwambia kwamba baba hukaa nyuma yangu kila Jumapili. Asingeamini, na kama angeamini angedhani anachungwa. Na baba, saa tisa ya Jumapili ifuatayo, angekuja na ungo wake akute hakuna mtu wa shati la kijani. Nilijua hatauliza. Angerudisha kigoda mahali pake na kwenda kulala.

Alhamisi hapakuwa na wateja dukani, nikafungua lile daftari na kulisoma kwa utulivu, kama ninavyosoma kazi ya fundi mwingine aliyeharibu. Baada ya dakika tano nikaona aibu. Mlango ukiwa umefungwa, mgeni hazuiwi baada ya dakika kumi. Anazuiwa hapo hapo nje. Anwani ikiwa mbovu hafiki kabisa. Mtu anayeingia, akakaa, akatolewa, akarudi, ana tatizo la njia yenyewe, na hilo ningemwambia mwanafunzi wangu siku ya kwanza. Tena tatizo lilikuwa linakua wiki hadi wiki, na programu hazikui. Jumapili ya tatu, ile mbaya kuliko zote, nilikuwa nimeandika pembeni kwa herufi ndogo kwamba upepo umeangusha nguo zote kwenye kamba. Mnara wa chuma hauhangaishwi na upepo unaoangusha nguo. Nikafunga duka.

Dishi letu liko juu ya mlingoti wa mkaratusi nilioukata na kuusimika mwenyewe, nyuma ya jiko, ukingoni mwa kibanja. Ukiwa uani unaliona dishi tu juu ya majani, na nilikuwa nikiliona kila siku na kuridhika. Siku ile nilizunguka jiko nikapenya mpaka shinani.

Mgomba ulikuwa umelala kwenye mlingoti wangu. Ulibeba mkungu mkubwa, wa kuangusha mtu, na ulikuwa umefungwa kwenye ule mti kwa kamba za mgomba zilizosokotwa vizuri, fundo moja chini na jingine juu, mafundo ya mtu anayejua kazi. Kadiri ndizi zilivyonenepa ndivyo mlingoti ulivyoinama. Ulikuwa umetoka kwenye wima kwa zaidi ya shubiri, na upepo ulipogusa majani, mgomba, mlingoti na dishi vilitikisika pamoja. Dishi lilikuwa linatazama bondeni.

Nilipandwa na hasira. Baba alikuwa anapalilia kahawa hatua chache tu kutoka pale.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Nani amefunga mgomba kwenye mlingoti wangu?"

"Mimi," alisema bila kunyanyua kichwa. "Ulikuwa unaanguka."

"Na miti ya kuegemezea migomba imekwisha Kamuli nzima?"

"Huo ulikuwa hapo hapo. Umesimama bure."

"Haukusimama bure, Tata. Umebeba dishi."

"Dishi lenyewe jepesi," alisema. "Siku ulipolileta nililinyanyua kwa mkono mmoja."

Sasa mtu wa huku kwetu nitambishia nini? Amekulia kwenye migomba, na kwake mti uliosimama wima karibu na mgomba uliolemewa una kazi moja tu. Mchana mzima apite pale aone mgomba unainama na mti mzuri kando yake haufanyi kitu? Angejiona mvivu. Lakini siku ile sikuwa na subira ya kumwelewa.

"Naukata huu mkungu sasa hivi," nikasema.

Akasimama wima. "Hutaugusa."

"Tata, hujui umenifanyia nini."

"Nimesema hutaugusa. Una mwenyewe."

Ndipo nilipotazama vizuri mahali niliposimama. Nyuma ya jiko, ukingoni: ilikuwa ile kona. Udongo mtupu wa miaka mitatu iliyopita ulikuwa umefunikwa kwa nyasi kavu zilizotandazwa kwa uangalifu, na machipukizi matano mapya yalikuwa yamepandwa, mengine bado kimo cha mtoto. Lililotangulia kuzaa ni lile lililoegemea mlingoti wangu. Chini ya mkungu wake, mahali pa lile ua la zambarau, palikuwa na kikonyo kilichovunjwa, hakikukatwa. Na kwenye ukuta wa jiko kilisimamishwa kijiti kirefu chenye panda, kimeng'aa pale kinaposhikwa.

Hasira iliniisha pale pale. Aliyoambiwa yote alikuwa ameyafanya, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemwona.

"Kaka anajua?" nikauliza.

"Atajuaje? Hapigi simu."

"Na wewe mbona humpigii?"

"Mimi ni baba yake," alisema, na kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Nikamweleza. Sikumweleza habari za mawimbi. Nilimwambia kwamba dishi linatazamana na mnara wa kilimani, na likigeuka hata kidogo, kaka anatolewa. Nikamwambia mkungu huu aliomtunzia ndio umekuwa ukimtoa kila Jumapili, wiki tatu. Nikamwambia na lile la mwisho, kwamba kaka anadhani ni yeye anachomoa waya.

"Mimi?" akasema.

"Wewe."

Alitazama mkungu, akatazama dishi juu, akatazama kilima ng'ambo ya bonde.

"Lete shoka," akasema.

Tulikata mikaratusi miwili, tukaifunga pamoja karibu na ncha ikafanya panda, tukaisimika chini ya shingo ya mgomba. Baba alifungua mafundo yake mwenyewe, polepole, na mzigo ukahamia kwenye miti mipya bila ndizi hata moja kuchubuka. Kisha nikapanda ngazi. Simu yangu ilionyesha nguvu ya mawimbi kwa namba ambayo ikiwa ndogo ndiyo nafuu. Tulianzia themanini na tisa. Baba alisukuma mlingoti kwa bega huku mimi nikisoma kwa sauti. Themanini na moja. Sabini na tano. "Bado," akasema yeye, kabla sijasema mimi, akafumba jicho moja akalenga mnara kwa kidole. Sitini na nane. Sitini na moja. Tukashindilia mawe shinani, akakanyaga udongo mpaka nikamwambia inatosha, na akaendelea kukanyaga. Vijipakiti mia nilivyotuma mnarani vilirudi vyote mia.

Nikampigia yule dada wa kampuni, kwa sababu nina ulimi mkali lakini sipendi kubaki na deni la adabu. Nikamwambia dishi lilikuwa limesogea kweli.

"Lilisogezwa na nini, dada? Naandika kwenye fomu."

"Ndizi," nikasema.

"Sawa. Nimeandika ndizi."

Jumapili ilikuja na upepo, tena wa kutosha. Saa tisa kamili yule mtu wa shati la kijani alitokea kwenye ua wetu wa matofali, akasimama kando ya mlango bila kusogea, mtu aliyekuja kuhakikisha jambo baya analolijua tayari. Nyuma yangu kigoda kililia. Ungo ulikuwepo, maharage yalikuwepo, ila sikusikia hata moja likidondoka.

Tulianza kutembea. Alipita jikoni, akafika kibanjani. Dakika kumi. Akachimba shimo akapanda mti mmoja, akapanda wa pili. Dakika ishirini. Huko nje bati lilikuwa linagonga. Nusu saa ilipopita aliandika kwenye skrini: "Leo mzee hayupo?"

Nilisoma kwa sauti, kwani macho ya baba hayashiki herufi ndogo. Sikugeuka nyuma. Nilisema tu, "Nimjibu nini, Tata?"

Alisogeza kigoda karibu yangu.

"Mwambie nipo," alisema. "Mwambie nimekaa hapa siku zote. Mwambie mkungu umebakiza wiki tatu."

Nikaandika, neno kwa neno, hata la mkungu, ambalo nilijua halitaeleweka.

Mtu wa shati la kijani akaacha kupanda. Alisimama na mkono chini, hatikisiki. Sekunde kumi. Ishirini. Nikafungua ule ukurasa wa seva unaoonyesha waliounganishwa.

"Amekatika?" baba aliuliza, na sauti yake sijawahi kuisikia hivyo.

"Hapana, Tata. Yupo. Amesimama tu."

Kisha maandishi yakaja. "Mkungu wa wapi?"

"Mwambie wa pale alipong'oa."

Nikaandika. Tukangoja tena, na safari hii sikukagua kitu. Njia ilikuwa nzima, nilikuwa na hakika nayo.

"Msiukate," kaka aliandika. "Nakuja kuukata mwenyewe." Na baada ya kitambo, kwenye mstari wa pili: "Na panga lipitishwe motoni kwanza."

Nilimsomea yote mawili. Baba alishusha pumzi, akautikisa ungo, maharage yakaanza tena kudondoka.

"Mwambie," alisema, "tangu lini mimi silipitishi."